Mti wa Sahani na Mkono wa Mama Mkwe

Kwetu Kanoni mtu hupimwa kwa mkungu wa ndizi. Ukikata mkungu unaobebwa na wanaume wawili, hata salamu yako huitikiwa kwa sauti nyingine. Mimi nimetumia zaidi ya miaka thelathini kuizuia miti isikue, tena kwa makusudi, tena mbele ya nyumba ambako kila mpita njia anaiona. Heshima yangu kijijini mnaweza kuikisia.

Kazi yangu ni ufundi baiskeli. Siku hizi natengeneza zaidi pikipiki, lakini jina la fundi limeganda, na mke wangu naye huniita fundi anapokuwa na jambo zito la kuniambia. Nikiwa kijana nilijifunza kazi kwenye kibanda kimoja pale Kayanga. Ukutani palikuwa na kalenda ya wauza vipuri ambayo mwaka wake ulikwisha pita zamani, ila mwenye kibanda hakuitoa kwa sababu iliziba tundu. Ilikuwa na picha ya mti mnene uliopinda mgongo, mizizi imeng'ang'ania jiwe. Niliutazama miezi mingi huku nikiziba pancha, nikidhani ni mti mkubwa uliopigwa picha kwa mbali. Siku moja nikaona kwamba kile nilichodhani ni ukuta chini yake kilikuwa bakuli. Mti mzima, na uzee wake wote, umekaa kwenye bakuli la kuweka mezani. Nilisahau pancha niliyoishika. Mwenye baiskeli alinitukana, nami sikumsikia.

Tangu siku ile sijapona. Mti wangu wa kwanza ulikuwa mche wa kahawa kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Ukafa kwa maji mengi. Wa pili ulikuwa mpera, ukafa kwa kiu, kwa sababu nilikuwa nimejifunza vizuri mno kutoka kwa wa kwanza. Wa tatu ulikuwa omutoma, mti ambao wazee wetu walikuwa wakibandua gome lake na kuliponda mpaka likawa nguo. Omutoma haufi ovyo. Ukichomeka kigingi chake kwenye uzio ili kufunga mbuzi, baada ya mvua mbili mbuzi amefungwa kwenye mti. Nilikata kipande cha unene wa kidole gumba mwaka ule ule niliooa, nikakipanda kwenye sahani ya saruji niliyoifinyanga mwenyewe ndani ya karai.

Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunja. Sikuwa na vifaa vya kitaalamu, wala sikujua kwamba vipo. Nilifumua waya za breki, nikazungushia matawi nyuzi zake moja moja, nikayavuta polepole kuelekea nilikotaka. Mchanga nilichanganya na matofali niliyoyaponda na kuyachekecha kwa chekecheo la unga, jambo lililonigharimu amani ya ndoa kwa wiki nzima. Kila mwaka wa pili nilikuwa naung'oa, napunguza mizizi, naurudisha. Jina la bonsai nilikuja kulisikia baadaye sana, binti yetu aliponionyesha kwenye simu kwamba duniani kuna watu wengine wenye ugonjwa huu. Mimi nilikuwa nasema tu, miti ya sahani.

Omutoma ule ulifika umri wa miaka thelathini na mmoja ukiwa na urefu wa mikono miwili. Shina lake lilikuwa nene kuliko kifundo cha mkono wangu, majani hayakuzidi ukucha, na kutoka matawini ilishuka mizizi myembamba ya hewani. Ukichuchumaa jicho likawa sawa na sahani, unaona mti wa kale wenye nafasi ya ukoo mzima kukaa chini yake. Niliupenda. Nasema waziwazi, kwa kuwa mke wangu anajua, na majirani waliligundua kabla yake.

Majirani hao walinivumilia kwa namna yao. Mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama mbolea ndiyo tatizo, akanitumia ndoo mbili za samadi. Mhudumu wa afya anayezunguka kufundisha watu kulisha watoto alisimama mbele ya miti yangu saba, akaitazama kwa muda, kisha akamwambia mke wangu kwamba ametembea Kanoni nzima na Chonyonyo nzima, lakini hajapata kuona nyumba yenye udumavu mpaka kwenye miti. Mke wangu alicheka siku mbili. Mimi sikucheka hata moja.

Sasa nimlete mama mkwe. Mama yake mke wangu ni mjane wa Mabira, upande wa Kyerwa, na kwa kilimo cha migomba hana mpinzani. Nimewahi kutengeneza baiskeli tatu zilizovunjika kwa sababu ya kubeba ndizi zake. Watu humwendea kumwomba machipukizi, na akikupa hakuachi mpaka akuonyeshe utakapochimba. Inasemekana hajawahi kupanda kitu kikafa, na mwenyewe hakanushi.

Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijapata kumtazama usoni. Vijana wa leo wanapiga picha na wakwe zao, wamekumbatiana. Sisi tulilelewa vingine. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja. Tukikutana njiani yeye hujitoa pembeni na kuigeukia migomba kana kwamba kuna mgomba uliomwita. Mimi huipa migomba ile shikamoo, na marahaba hutoka chini ya khanga. Tuliishi hivyo kwa heshima kubwa na bila ugomvi hata mmoja, nadhani kwa sababu ni vigumu kugombana na mtu usiyemjua sura.

Basi mwaka juzi ngiri ikanishinda, nikatakiwa kupasuliwa Bukoba mwezi wa nne. Mke wangu alikuja kuniuguza, watoto wetu wako mbali, na nyumba ilihitaji mtu. Mama mkwe alikubali kuja kuilinda, kwa sharti kwamba mimi sipo, na hata hivyo alilala kwenye nyumba ya jikoni. Kule Mabira alimwachia jirani mbuzi wake. Mke wangu alimwonyesha mbuzi wa kwetu, kuku, na kuni zilipo, akamwambia na ile miti midogo ya mbele aimwagie maji. Jambo moja alisahau kumweleza, kwamba miti ile iko vile kwa sababu mwenyewe ametaka.

Tulikaa Bukoba wiki tatu. Daktari alinionya nisinyanyue jembe wala mzigo wowote kwa miezi mitatu. Tuliporudi, nilishuka kwenye gari nimeshika tumbo, na kitu cha kwanza nilichokiona uani ni kuku akinywa maji kwenye sahani ya omutoma wangu.

Nilikaa chini palepale. Mke wangu alidhani nyuzi zimefumuka.

Habari zilinifikia kwa awamu. Mama mkwe alikuwa jikoni, na kwa kuwa hawezi kunijia wala mimi siwezi kumwendea, mke wangu alikwenda na kurudi na maneno kama mtu anayechota maji. Mama anasema pole na safari. Mama anasema wale mbuzi wazima. Mama anasema ile miti ilikuwa na njaa iliyopita kiasi, alishindwa kulala. Ile sita midogo ameiwekea samadi. Ilikuwa imefungwa waya, sijui na nani, ameifungua yote, waya ameukunja ameutundika msumarini kwa sababu waya una kazi. Na ule mkubwa, kwa kuwa umeteseka muda mrefu kuliko wenzake, ameupa shimo alilokuwa ameliandaa kwa chipukizi la mgomba. Ni pale nyuma ya jikoni, kwenye kibanja cha migomba, majivu na maji ya vyombo yanakomwagwa. Ametia madebe matatu ya samadi iliyooza, na nyasi juu.

Nilikwenda kuuona. Ulikuwa umesimama katikati ya migomba, mdogo, umefunikwa nyasi mpaka kiunoni, na kileleni umetoa majani mapya mapana kama kiganja. Majani yenye afya, yanang'aa. Nilijisikia kama mtu aliyekuta mtoto wake amevishwa nguo za mtu mwingine.

Mtu wa mahali pengine angeutupa mti ule, au angeuacha ukauke. Ni mtu wa kwetu tu anayeweza kuona mmea wenye njaa nyumbani kwa watu na kukosa usingizi. Kwa hiyo hata hasira niliyokuwa nayo ilikosa pa kukaa. Nilijua, na kila fundi wa miti ya sahani anajua, kwamba ardhi yenye samadi hula miaka. Ndani ya msimu mmoja mizizi ingeshuka, matawi niliyoyapinda kwa uzi wa breki yangenenepa na kunyooka, na mti wangu ungekuwa omutoma kama mingine yote ya Kagera. Ulitakiwa utoke upesi. Lakini kung'oa kilichopandwa na mkono wa mama mkwe, naye bado yumo nyumbani kwako akikupikia uji wa ugonjwa, ni sawa na kumwambia afungashe.

Nilimwomba mke wangu azungumze naye. Alikataa. Alisema mama yake amelima tangu akiwa msichana hajaua mmea hata mmoja, je, sasa yeye akamwambie kwamba ameua? Nikasema sijasema umeuawa. Akasema kama haujafa, basi kilio cha nini.

Na mama mkwe hakuondoka. Mimi sikuruhusiwa kuinua hata ndoo, kwa hiyo mke wangu alimsihi abaki kidogo amsaidie shambani. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa napona tumbo huku nikiugua moyo. Kila asubuhi nilimsikia nyuma ya jikoni akiusifia mti. Mvua za mwezi wa tano zilikuwa zinanyesha kana kwamba zimelipwa. Nilikuwa napita pale kwa kisingizio cha kunyoosha miguu, nikipima majani kwa vidole.

Mwishowe nilitumia njia ya zamani ya kusemezana na mkwe. Nilikaa kwenye kigoda uani, nikajua yumo jikoni, nikamwambia kuku aliyekuwa karibu, kwa sauti ya kutosha, kwamba kuna miti mingine imezoea sahani, ukiipeleka shambani inachanganyikiwa.

Sauti yake ikatoka jikoni, naye akimwambia kuku yule yule, kwamba kuna viumbe vimezoea njaa mpaka vikiona chakula vinaogopa.

Kuku akaondoka zake. Sikumlaumu.

Ikafika Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mama mkwe alikuwa amesema atarudi Mabira Jumanne, na ningeweza kusubiri siku mbili, mtu mwenye akili angesubiri. Lakini mimi asubuhi ile niliona chipukizi nene limetoka kwenye shina, mahali ambapo nilikuwa nimepalinda pasitoe kitu kwa miaka ishirini, na damu ikanipanda. Niliwaambia mke wangu na mama yake kwamba tumbo linavuta, waende ibadani waniombee. Walipopotea njiani nikachukua mwiko wa ugali na bisibisi, kwa sababu jembe nilikatazwa na mimi ni mtu wa kutii daktari, nikapiga magoti nyuma ya jikoni nikaanza kuchimba.

Mwiko si chombo cha kilimo. Baada ya muda mrefu nilikuwa nimefukua upande mmoja tu, matope yamefika viwikoni, na nilikuwa nauongelesha mti, nauomba radhi. Hapo nikasikia kikohozi kidogo nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa amerudi. Baadaye nilijua kwamba walikuwa hawajafika hata nusu ya njia alipomwambia binti yake atangulie, yeye hawezi kukaa kanisani huku mgonjwa yuko peke yake na tumbo linavuta. Alikuwa amesimama kando ya mgomba, kikombe cha uji mkononi, uso ameugeuzia upande mwingine kama desturi inavyotaka. Lakini alikuwa ameona. Mtu aliyepiga magoti matopeni na mwiko hana maelezo mengi.

"Baba," akauambia mgomba, "unautoa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha mimi, na si kupitia kwa mtu au kuku. Nikashindwa kudanganya. Nikiutazama mti, nilimweleza yote. Kwamba haukuwa umedumaa kwa bahati mbaya. Kwamba niliupanda mwaka niliomchukua binti yake, nikaupinda kwa waya, nikaukata mizizi kila mwaka wa pili, na majani yale madogo yalinichukua muda kuliko kusomesha watoto wote. Kwamba ukikaa pale mpaka mvua nyingine nitakuwa nimeupoteza, na mimi sina miaka mingine thelathini ya kuanza upya.

Alihamishia kikombe mkono wa pili.

"Kwa hiyo haukuwa na njaa," akasema.

"Ulikuwa nayo, mama. Nilikuwa naupimia."

Niliona khanga ikitikisika, nikadhani analia, sasa naona alikuwa anacheka, ingawa sijathubutu kuuliza. Kisha akaweka uji juu ya jiwe, akaniambia nitoke pale kabla sijafumuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta. Alichimba kwa kuzunguka, mbali na shina, kama anavyong'oa chipukizi la mgomba bila kumjeruhi mama yake. Udongo ukaachia wote kwa pamoja, akauinua mti na bonge lake, akauleta mbele yangu uani penye sahani, akachukua na mkasi jikoni. Mizizi ilikuwa imeshuka, mirefu, minene, myeupe, mizuri kwa macho ya mkulima yeyote.

Hapo desturi ikatushinda. Haiwezekani watu wawili washike mti mmoja, mmoja ana mkasi na mwingine ndiye anayejua, huku wamepeana migongo. Alichuchumaa upande wake wa sahani, mimi upande wangu, akashika mzizi wa kwanza, akaniangalia. Ana macho ya mke wangu. Sikuwa nimejua.

"Nikate wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Alikata, na kila mzizi aliuliza tena, na kila alipokata alivuta pumzi kama anayechomwa mwiba. Mke wangu aliporudi kutoka ibadani alitukuta hivyo, mama yake na mume wake, vichwa vimekaribiana, matope mpaka viwikoni. Aliziba mdomo kwa mkono akaingia ndani bila kutusalimia.

Kesho yake majani ya omutoma yakaanza kupukutika, na ndani ya wiki moja yakaisha yote.

Nilijua ingekuwa hivyo, mti uliokatwa mizizi mingi namna ile wakati ulikuwa mbioni kukua lazima ushtuke. Lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Ulibaki fimbo tupu kwenye sahani. Jumanne ya mama mkwe ilikuja ikapita, naye hakufungasha. Alimwambia binti yake kwamba hawezi kuondoka na kuacha kitu katika hali ile. Nilifikiri ni siku mbili tatu. Zikawa wiki tano.

Alisuka kibanda kidogo kwa majani makavu ya mgomba, akaufunika mti jua lisiupige. Kila asubuhi mimi nilikaa upande huu wa sahani na yeye upande ule, tumerudi kugeuziana visogo, tukingoja. Alikuwa akikwaruza gome kwa ukucha, kidogo sana, kutazama kama ndani bado kuna kijani, halafu anauambia ukuta alichokiona. Kijani kipo. Kijani kipo, ila hafifu. Nilipotaka kumwagia maji zaidi alimwambia mke wangu aniambie kwamba mgonjwa asiyekula hazamishwi kwa uji. Alisema kweli, na mimi, mwenye ujuzi wa miaka thelathini, nilirudisha kopo.

Sitajifanya mwema. Kimoyomoyo nilimlaumu kila siku. Nilikuwa nikimtazama kisogo nikisema, mikono hii iliyosifiwa Mabira yote imeniulia mti, kisha naletewa sahani ya ndizi na maharage aliyoipika yeye, nakula yote, naendelea kumlaumu nikiwa nimeshiba. Wiki ya nne nilianza kujizoeza kumsamehe, ili mti ukifa rasmi niwe tayari. Sikufika mbali. Nilikuwa nafika kwenye tawi la kushoto, lile lililonichukua miaka sita, halafu narudi mwanzo.

Asubuhi ya mwisho nilichelewa kutoka kwa sababu ya mteja mwenye mnyororo uliokatika. Nilikuwa njiani, mikono ina grisi, niliposikia ananiita kwa sauti, bila kupitia kwa mke wangu.

"Fundi. Limetoka."

Nilikwenda mbio, daktari anisamehe. Kwenye tawi lile lile la kushoto, penye kiungo, palikuwa na ncha ya kijani isiyozidi punje ya mchele. Tuliinama wote wawili kuitazama mpaka vichwa vikakaribia kugongana. Nililia. Nililia kama mtoto, na machozi niliyafuta kwa mikono ya grisi, na mama mkwe alinitazama usoni wazi kabisa, uso wangu mzima mweusi kwa mafuta ya mnyororo, kisha akakumbuka yeye ni nani na mimi ni nani. Akavuta khanga, akaenda jikoni. Mchana ule ule akafungasha.

Dereva wa bodaboda, kijana wa jirani yake, alitoka Mabira kuja kumchukua. Wakati wanawake wanafunga mizigo nilimkaribisha kigodani tukaongea. Nilimwambia tumemchosha sana bibi. Akasema wao kule walishangaa, walidhani fundi amezidiwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu ya kahawa yake.

Nilikuwa sijafikiria kahawa. Mwezi wa sita na wa saba kila mwenye kibanja cha kahawa yuko kwenye mibuni yake, hata wasafiri hurudi, na mimi nilikuwa nimekaa na mkulima hodari kuliko wote wiki tano nzima tukitazama fimbo. Kijana akasema kahawa ya bibi iliiva yote pamoja mwaka ule, ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, ikaanza kuanguka. Jirani alilinda mbuzi lakini kwake nako kulikuwa na mavuno, asingeweza. Mara tatu walimtumia habari arudi.

"Mara tatu alijibu kwamba anauguza," akasema kijana. "Basi tukajua ni wewe."

Mimi nilikuwa nimekwisha pona. Mwezi ule wote nilikuwa nakula kama mvunja mawe. Mgonjwa wake alikuwa kwenye sahani, na kwa ajili yake aliiacha kahawa ya mwaka mzima imwagike chini, na hakuniambia, wala hakumwambia binti yake, wala kuku. Alitoka jikoni na mfuko wake, akapita mbali nami kama inavyostahili, akapanda pikipiki. Nilitaka kusema kitu. Nilichoweza ni kuitazama migomba na kusema shikamoo, na marahaba ikatoka chini ya khanga, kama siku zote, kama hakuna kilichotokea.

Mke wangu nilipomwambia alikwenda kutafuta magunia.

Jumatatu yake nilifunga kibanda, tukapanda bodaboda kwenda Mabira. Kahawa iliyoanguka haina ujanja wa kuichuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama, tukifukua nyasi chini ya kila mbuni, tukiokota punje moja moja zilizokauka na kuzitenga na zilizooza. Tuliokota siku nne. Mama mkwe alikuwa upande ule wa kibanja na mimi upande huu, migomba katikati, hakuna aliyegeuka kumtazama mwenzake, na mke wangu alipita huku na huku na magunia. Siku ya pili alasiri nilifika mwisho wa mstari wangu, nikasimama kunyoosha mgongo, nikasikia sauti yake ng'ambo ya migomba.

"Fundi, umeacha nyingine nyuma."

Nikarudi, nikapiga magoti, nikaziokota zote.